Nyanya kutoka shambani hadi sokoni: mwongozo kamili wa kuzuia hasara baada ya kuvuna

Nyanya iliyopondeka unayoiona soko la Ilala, Dar es Salaam, haikuharibikia Ilala. Mara nyingi iliharibika siku moja au mbili nyuma, huko Ilula au Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa, ilipotupwa ndani ya ndoo, ikaachwa juani hadi saa nane mchana, kisha ikashindiliwa kwenye tenga. Sokoni jeraha linajitokeza tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu saa chache za kwanza baada ya nyanya kuachana na mti wake, na inazungumza na mkulima kabla ya kuzungumza na mwenye gari au mwenye genge.

Tunda lililochumwa bado liko hai. Linapumua, linatoa joto na kupoteza maji, na linakula akiba yake lenyewe kwa sababu mizizi haileti tena kitu. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo nyanya iliyokaa kwenye nyuzi 35 kwa siku moja imezeeka sawa na iliyokaa siku mbili au tatu kwenye nyuzi 25. Hakuna dawa wala mashine inayorudisha siku hizo. Ubora wa juu kabisa wa nyanya ni ule iliokuwa nao ikiwa mtini, na kazi yote inayofuata ni kuulinda.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa karibu theluthi moja ya chakula cha binadamu duniani hupotea au kutupwa. Kwa matunda na mboga za Afrika kusini mwa Sahara, makadirio hayo yalikaribia nusu. Maana yake, maji, mbolea, dawa na jasho la nusu nzima ya shamba huishia jalalani. Nachukua nyanya kama mfano kwa kuwa inalimwa karibu kila mkoa na inaoza upesi. Mazao mengine nitayataja pale yanapohitaji kushughulikiwa tofauti.

Hatua ya 1: Anza kabla ya kuchuma

Chagua mbegu ukiwa unajua soko lako liko umbali gani. Kama nyanya zako zitasafiri kilomita 400 hadi Dar es Salaam, unahitaji aina yenye ganda gumu na nyama nene. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa na kituo cha utafiti wa mboga cha Tengeru, Arusha, zinapendwa kwa sababu hiyo, na zipo pia chotara nyingi za madukani zenye sifa hiyo. Aina yenye ganda jembamba na maji mengi iuze jirani.

Siku chache kabla ya kuchuma, punguza maji. Shamba lililolowa sana baada ya kukauka hupasua matunda, na kila ufa ni mlango wa ukungu. Dawa ya wadudu nayo ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye kibandiko. Zihesabu kuanzia siku ya kupuliza na usivune kabla hazijaisha. Anayekula nyanya hiyo mbichi kwenye kachumbari ni mtoto wa mtu.

Kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini miaka ya katikati ya 2010, anadhibitiwa shambani. Nyanya yenye tundu lake haisafiri. Inaoza ikiwa njiani na kuzitia ugonjwa zile zinazoizunguka.

Halafu mtafute mnunuzi mapema. Mpigie, mkubaliane rangi anayoitaka, kiasi, siku na kipimo. Dalali anajua kwamba nyanya iliyokwisha kuchumwa haina subira, na bei yake inaanzia hapo. Mwenye nyanya bado zikiwa mtini ana siku mbili tatu za kuvutana naye. Aliyekwisha kuzichuma hana.

Hatua ya 2: Soma rangi

Nyanya ni miongoni mwa matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa, kama embe, ndizi, papai na parachichi. Hilo ni bahati kubwa, maana unaweza kuchagua lini ziive. Chungwa, nanasi, tikiti na tango hayana tabia hiyo. Ukiyachuma kabla ya wakati yatabaki na ladha uliyoyachumia.

Kwa nyanya, anza na swali moja: italiwa lini? Soko la kijijini kesho, chuma iliyo nyekundu lakini ngumu. Safari ya siku moja na siku mbili za kukaa mezani kwa mchuuzi, chuma iliyoanza kugeuka waridi. Safari ndefu zaidi, au mnunuzi anayetaka kuweka akiba, chuma iliyo kijani lakini imekomaa, au ile ambayo kitako chake ndiyo kwanza kimeanza kubadilika rangi.

Ugumu uko kwenye ile ya kijani, kwa sababu iliyokomaa na changa hufanana kwa nje. Chukua chache za mfano, uzikate katikati kwa kisu kikali. Kama mbegu zimezungukwa na ute na zinateleza pembeni bila kukatika, nyanya imekomaa. Kama kisu kimezikata mbegu na ndani ni pakavu, bado ni changa: hata ikiwa nyekundu baadaye, haitakuwa na utamu. Wanunuzi wengi wamechoshwa na nyanya nyekundu isiyo na ladha, na chanzo chake mara nyingi ni haraka hii ya mkulima.

Joto la kuivishia ni nyuzi 18 hadi 21. Likizidi 30, ile rangi nyekundu haijengeki vizuri na nyanya huishia njano au chungwa. Ukiona tenga limeiva kwa rangi ya kutu, ujue lilikaa mahali pa moto.

Hatua ya 3: Chuma kwa mkono wa taratibu

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Nyanya iliyolowa umande hubeba ukungu hadi ndani ya kreti. Ya mchana inatoka shambani ikiwa na joto ambalo itahangaika nalo usiku kucha.

Wachumaji wakate kucha. Alama ndogo ya ukucha haionekani asubuhi, lakini kesho yake jioni ni doa jeusi. Nyanya ishikwe kwa kiganja kizima na kuzungushwa kidogo mpaka iachane na kikonyo. Kikonyo kikibaki kitatoboa ya jirani yake mara gari litakapoanza kurukaruka. (Embe ni kinyume: acha kikonyo kirefu kidogo, ukikate vizuri ukiwa kivulini na uligeuze embe kichwa chini mpaka utomvu umalize kutoka, kwa kuwa utomvu unaunguza ganda.)

Tumia ndoo zenye kingo laini, na usiijaze ndoo mpaka za chini zilemewe. Usitupe nyanya ndani ya ndoo, na usizimwage kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye rundo. Izamishe ndoo mpaka karibu na sakafu ndipo uzitelezeshe. Kila mchumaji awe na vyombo viwili, kimoja cha nyanya nzima na kingine cha zilizooza, zilizotobolewa na zilizopasuka. Zilizooza zisiachwe shambani wala pembeni mwake. Zifukie mbali, la sivyo unalea ugonjwa wa msimu ujao.

Kama unalipa vibarua kwa ndoo, jua kwamba umewalipa wakimbie. Kulipa kwa siku, au kwa ndoo za nyanya zisizo na mchubuko, hubadilisha mikono ya watu kuliko kelele za msimamizi.

Hatua ya 4: Kivuli, ndani ya dakika chache

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, fuata hii. Tunda lililoachwa juani linaweza kuipita hewa iliyolizunguka kwa nyuzi 10 au zaidi. Siku yenye hewa ya nyuzi 28, ndani ya nyanya huwa nyuzi 38 na kupanda. Kivuli ndiyo teknolojia ya bei ndogo kuliko zote, na bado ndiyo inayokosekana katika mashamba mengi unayopita kando ya barabara kuu ya Iringa.

Jenga banda dogo katikati ya shamba, siyo kwenye ukingo wa mbali. Nguzo nne, paa la nyasi au makuti lenye kuchomoza pembeni ili jua la saa tatu na la saa tisa lisiingie, na pande zote wazi upepo upite. Paa la bati peke yake linatoa joto chini yake. Litandike nyasi juu. Turubai la plastiki lililofunikwa moja kwa moja juu ya nyanya si kivuli, ni tanuri. Kama huna banda siku hiyo, tumia mti wenye matawi mengi, na uwe tayari kuhamisha kreti kadiri kivuli kinavyosogea.

Kwa mboga za majani, mchicha, sukuma wiki, matembele, kivuli ni suala la saa moja, si siku. Majani yakipoteza sehemu ndogo tu ya maji yake hunyauka na bei huanguka. Yanyunyizie maji safi, yasimamishe bila kuyabana, na usilundike mafungu marefu, maana katikati ya rundo joto hupanda lenyewe kwa ajili ya kule kupumua.

Hatua ya 5: Chambua, safisha, panga madaraja

Chini ya banda weka meza iliyotandikwa gunia safi au godoro jembamba la sponji lililofunikwa plastiki. Sakafuni unaziokotea uchafu na unaumiza mgongo.

Mzunguko wa kwanza wa kuchambua ni wa kutoa: zilizooza, zenye matundu, zilizopasuka, zenye kitako cheusi. Usimwonee huruma hata mmoja wa hao. Nyanya moja yenye uozo laini ikipenya huweza kulowesha kreti zima kabla ya kufika Morogoro. Mzunguko wa pili ni rangi, wa tatu ni ukubwa. Rangi inatangulia ukubwa kwa sababu nyanya mbivu hutoa hewa ya ethilini, ambayo huamuru zilizo kijani ziive haraka. Ukizichanganya, mnunuzi atapata kreti ambalo nusu limeshalainika na nusu bado bichi, na atalipa bei ya ile nusu mbaya.

Kuosha? Kama nyanya zina vumbi tu, futa kwa kitambaa laini kikavu na uishie hapo. Maji machafu yanasambaza uozo kutoka kwa moja kwenda kwa mia. Kama zina matope na ni lazima uzioshe, tia klorini:

Chukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiyo na manukato, yenye klorini ya asilimia 3.5. Pima mililita 60 kwa ndoo ya lita 20 za maji safi. Hapo unapata miligramu 100 hivi za klorini kwa lita. Osha udongo kwanza kwenye maji ya kawaida, ndipo uzamishe nyanya kwenye maji ya klorini dakika moja hadi mbili, utoe, na uziache zikauke kabisa kivulini kabla ya kuzipanga. Maji yakichafuka yamwage, kwani udongo huimaliza nguvu klorini. Yasiwe baridi kuliko nyanya: nyanya ya moto ikizamishwa kwenye maji baridi hunywa maji kupitia pale kikonyo kilipotoka, pamoja na bakteria waliomo. Usichanganye dawa hiyo na siki wala sabuni nyingine yoyote.

Hatua ya 6: Chombo cha kufungashia

Hapa ndipo fedha nyingi zinapomwagika, kwa hiyo tukae kidogo.

Tenga la mbao lina sifa zake. Linatengenezwa kijijini, ni rahisi, na likipotea hakuna anayelia. Lakini mbao zake hazijapigwa randa, misumari inatokeza ndani, na kina chake ni kirefu mno. Nyanya za chini zinabeba uzito wa zote zilizo juu. Kisha tenga linajazwa mpaka linatengeneza kilima, linafunikwa majani na kufungwa kamba, na tenga jingine linakaa juu ya kilima hicho. Mzigo wa matenga yote ya juu sasa haubebwi na mbao. Unabebwa na nyanya.

Kilima hicho ndicho lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo huendesha operesheni mara kwa mara, lakini itaendelea kuwepo maadamu bei inatajwa kwa tenga na siyo kwa kilo. Mnunuzi akilipa bei ileile kwa tenga dogo na kubwa, atataka kubwa, na mkulima atakubali kwa hofu ya kubaki na mzigo. Dawa yake ni mizani. Kikundi cha wakulima kumi wenye mizani moja na msimamo mmoja kinaweza kuuza kwa kilo. Mkulima mmoja mwenye mizani atarukwa.

Kreti la plastiki linatatua matatizo matatu kwa pamoja: kuta zake ni laini, kina chake ni kifupi, na likipangwa juu ya jingine uzito unapita kwenye kuta zake badala ya kwenye matunda. Linabeba kama kilo 20, uzito ambao mtu mmoja anauinua na kuushusha taratibu. Tenga kubwa huishia kuangushwa kwa sababu tu limewazidi watu nguvu. Kreti linaoshwa kwa maji ya klorini na kutumika miaka. Lijaze mpaka sentimita mbili au tatu chini ya ukingo, basi.

Tatizo la kreti ni kurudi. Mkulima anaogopa kwamba likienda Dar halitarudi, na ana haki ya kuogopa. Njia zinazosaidia: kikundi kimiliki kreti na kuzikodisha, zote ziwe za rangi moja na jina la kikundi lichomwe kwa chuma cha moto ubavuni, mnunuzi aweke amana ya kila kreti anayoondoka nayo, gari linalopeleka mzigo leo lirudi na kreti tupu za juzi, kwa nauli iliyokubaliwa kabla. Ukishindwa yote hayo, tumia kreti kati ya shamba na banda peke yake. Hata hapo umeepuka kuzimwaga nyanya mara mbili.

Kama huna budi kutumia tenga, liboreshe. Agiza fundi atengeneze lenye kina kifupi, apige randa upande wa ndani, akunje misumari. Tandika karatasi safi isiyo na maandishi au nyasi kavu chini na pembeni, na usiziache nyanya zipite ukingo. Majani mabichi yanaongeza joto na unyevu, yaache.

Hatua ya 7: Safari

Pakia jioni, safiri usiku, fika sokoni alfajiri. Hewa ya baridi inayopita Kitonga usiku ni friji ya bure.

Panga kreti au matenga ili hewa ipite kati yake, na uache nafasi kati ya mzigo na turubai. Turubai livutwe juu ya fremu lisigandane na matunda. Upande wa mbele uachwe wazi kidogo upepo uingie, na wa nyuma utokee. Abiria wasikae juu ya mzigo, wala mahindi na mkaa visipandishwe juu yake njiani. Liseme hilo na dereva kabla ya kumlipa.

Barabara ya vumbi kutoka shambani hadi lami huumiza nyanya kuliko mamia ya kilomita za lami. Kule kutikisika kunasugua matunda kwenye kuta na yenyewe kwa yenyewe. Mlipe dereva aende polepole kipande hicho. Kama barabara ni ya kijiji na inaweza kufukiwa mashimo kwa siku moja ya kazi ya pamoja kabla ya msimu, siku hiyo ina faida kubwa.

Usichanganye mizigo ovyo. Ndizi mbivu, maembe na mapapai yanayotoa ethilini yataziivisha nyanya zako za kijani, yatafanya matango yageuke njano, karoti ziwe chungu na majani ya kabichi yapukutike.

Hatua ya 8: Ubaridi bila umeme

Kabla ya kujenga chochote, pima kama eneo lako linafaa. Funga kitambaa kilicholowa maji kwenye ncha ya kipimajoto, upepee dakika chache saa nane mchana, usome. Kisha soma joto la kawaida la hewa kivulini. Tofauti ya nyuzi 10 inaonyesha kwamba kupoza kwa maji, yaani maji yanayokauka yakiondoa joto, kutafanya kazi vizuri sana. Ikiwa chini ya 4 au 5, kama ilivyo pwani siku nyingi za mvua, usijenge. Tumia fedha hizo kwenye kivuli na kreti. Dodoma, Singida, Iringa ya kiangazi, Makueni na Turkana kunafaa. Tanga na Mombasa wakati wa masika, hapana.

Chumba cha matofali na mchanga kilibuniwa India, katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya nchi hiyo, miaka ya 1980. Kwenye hewa kavu hukipoza kilichomo kwa nyuzi nyingi na kushikilia unyevu wa asilimia 90 hivi, ambao nyanya inaupenda. Kinajengwa hivi:

Chagua mahali palipoinuka, penye upepo na karibu na maji. Tandaza sakafu ya matofali ya kuchoma yenye urefu wa sentimita 165 na upana wa 115. Inua juu yake kuta mbili, moja ndani ya nyingine, hadi kimo cha sentimita 67 hivi, ukiacha mwanya wa sentimita 7.5 kati yake. Jaza mwanya mchanga safi wa mtoni. Tengeneza kifuniko cha fremu ya mianzi kilichosukwa kwa nyasi kavu. Jenga paa la nyasi juu ya chumba chote, jua lisikiguse. Lowesha kuta, mchanga na kifuniko mpaka vishibe, kisha uendelee kumwagia asubuhi na jioni. Panga kreti ndani, usimwage nyanya sakafuni. Mwisho wa kila mzigo osha ndani kwa maji ya klorini.

Mchuuzi wa gengeni anaweza kutumia kanuni hiyohiyo kwa vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati na kitambaa kilicholowa juu. Mwalimu Mohammed Bah Abba alivisambaza vyungu hivyo kaskazini mwa Nigeria miaka ya 1990, na wauza mboga wengi wa kule wanaufahamu ubunifu huo.

Chumba cha baridi cha umeme ni kazi ya kikundi, siyo ya mtu mmoja. Kipo kifaa kiitwacho CoolBot, kinachokifanya kiyoyozi cha kawaida kipoze chumba kilichozibwa vizuri hadi baridi kali kuliko kiyoyozi kilivyokusudiwa. Nigeria pia ina vyumba vya nishati ya jua vya ColdHubs, vinavyowekwa sokoni, ambako mwenye mzigo hulipa kwa kreti kwa siku. Mfumo huo wa kulipa unafaa zaidi kwa wadogo kuliko kumiliki chumba. Lolote utakalochagua, nyanya ya kijani isiwekwe chini ya nyuzi 12, na mbivu isishuke chini ya 10. Baridi ikizidi, nyanya haiivi tena sawasawa, inapata mashimo na kuoza mara inapotolewa. Embe na ndizi zina udhaifu huohuo, kabichi na karoti hazina.

Vitunguu na viazi havitaki maji kabisa. Vitunguu vya Mang'ola huanikwa mpaka shingo zikauke na kunyong'onyea, ndipo viwekwe kwenye ghala lenye upepo. Viazi mviringo vikae gizani. Mwanga huvitia ukijani wenye sumu.

Hatua ya 9: Zilizobaki

Nyanya mbivu mno, zile masalo, bado zina thamani siku hiyohiyo. Mama lishe anazihitaji. Zilizozidi zikaushe au uzipike, lakini usitumie iliyooza hata kama umekata kipande kibovu.

Kukausha: zioshe, kata vipande vya milimita 7 hadi 10, panga kwenye chandarua cha plastiki kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, kisha weka ndani ya kikaushio chenye paa la plastiki angavu, matundu ya hewa chini na juu, yote yakiwa yamezibwa kwa wavu wa kuzuia inzi. Vipande viko tayari vinapopinda kama ngozi au kuvunjika, na ukivibana havitoi unyevu. Kilo 20 hutoa kilo moja hivi. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pa giza. Mboga za majani zitumbukize kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, kisha uzikaushe kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A.

Kusindika kwenye chupa kunahitaji uangalifu, kwa kuwa ukali wa nyanya pekee hautoshi siku zote kuzuia bakteria wanaotoa sumu ya kuua. Ongeza vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu kwa kila lita moja, jaza nyanya zilizopikwa, zikiwa bado za moto, kwenye chupa safi za moto, funga, uzichemshe zikiwa zimezama kabisa kwa dakika 45. Mahali palipo kati ya mita 300 na 1,800 kutoka usawa wa bahari ongeza dakika 10, na juu ya hapo 15. Ukitaka kuuza, mafunzo yapo SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na alama ya ubora inatolewa na TBS, shirika la viwango la Tanzania. Chupa isiyo na alama hiyo huenda isipokelewe dukani.

Hatua ya 10: Pima hasara yako

Nunua daftari. Kila mavuno andika mistari minne: kilo zilizotoka shambani, kilo zilizotupwa bandani, kilo zilizopakiwa, na kilo ambazo mnunuzi amezilipia. Mwombe pia akueleze kreti gani zilifika vibaya, na zilikaa wapi garini. Baada ya mavuno matatu utaiona hatua inayokula fedha zako, na huenda isiwe ile uliyoidhania.

Kisha piga hesabu kabla ya kununua kitu. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni shilingi 800 na unapoteza kilo 15 katika kila 100. Kwa tani moja umepoteza kilo 150, yaani shilingi 120,000. Banda na kreti zikishusha hasara hiyo hadi kilo 5 kwa 100, unaokoa shilingi 80,000 kwa kila tani. Gawanya bei ya kreti na banda kwa kiasi hicho, utapata idadi ya tani zitakazorudisha mtaji. Fanya hivyohivyo kwa chumba cha matofali, kwa kikaushio, na kwa chumba cha umeme, kila kimoja peke yake. Kile kinachojilipa ndani ya msimu mmoja kinunue kwanza. Mara nyingi kitakuwa banda, kitafuata kreti, na chumba cha baridi kitakuja baadaye sana, kikundi kikishazoea kuuza kwa mizani.